Pensheni Nayo Ni Chumo la Ndoa

Watu wakiachana, karibu kila kitu hujadiliwa. Nyumba ilijengwa na nani, shamba lilinunuliwa kwa fedha za nani, ng'ombe waliopelekwa kwa mjomba ni wangapi, kiwanja chenye msingi tu kibaki kwa nani. Wazee hukesha, hakimu huandika, mashahidi huitwa. Lakini akitokea mtu akauliza, "Na kiinua mgongo je?", kikao kizima humgeukia kana kwamba ametukana. Jibu huwa moja, na hutolewa na wanaume na wanawake, waliosoma na wasiosoma: hilo ni jasho lake mwenyewe. Ndiye aliyeamka alfajiri kwenda kazini miaka yote hiyo, na jina lililo kwenye kadi ya mfuko ni lake peke yake. Mali ya ndoa ni ile inayoonekana. Pensheni ni ya mstaafu.

Naupinga msimamo huo. Naupinga nikijua kwamba wanaoushikilia ni wengi na si watu wabaya, na kwamba wengi wao wamekwisha kuubomoa kwa midomo yao wenyewe bila kutambua.

Turudi mwaka 2018, hapa Tanzania. Mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, zilifuata kanuni zilizoleta kikokotoo kipya cha mafao. Mtumishi aliyekuwa akitarajia kulipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo akaambiwa atapewa robo, na inayobaki atalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Nchi ikawaka. Walimu, wauguzi na makarani walipinga mpaka tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli akalisimamisha jambo hilo na kuagiza kikokotoo cha zamani kiendelee kutumika hadi mwaka 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine, mkupuo wa asilimia 33. Manung'uniko hayakwisha, na mwaka 2024 serikali ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa watumishi wa kundi lililokuwa likipata 50.

Katika miaka yote hiyo, hoja ya wafanyakazi ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibika. Pensheni si sadaka ya serikali wala hisani ya mfuko. Ni mshahara wetu. Tulikatwa kila mwezi tukavumilia, na mwajiri akatuchangia kwa sababu tulimfanyia kazi. Fedha ile ni ujira wetu uliocheleweshwa, na hakuna mwenye haki ya kutupangia kana kwamba anatugawia chake.

Hoja hiyo ni ya kweli. Niliiunga mkono wakati ule na naiunga mkono leo. Ila naomba tuifuate hadi mwisho wake na tusiiache njiani. Kama pensheni ni mshahara uliocheleweshwa, basi ni mshahara wa miaka fulani inayohesabika. Na kama katika miaka hiyo mtu alikuwa ndani ya ndoa, mshahara huo ulichumwa ndani ya ndoa. Mshahara wa ndani ya ndoa ukigeuka tofali, tofali tunaligawa. Ukigeuka pikipiki, pikipiki inauzwa na fedha zinagawanywa. Kwa sababu gani mshahara uleule, wa mwezi uleule, wa mtu yuleyule, ukipita mlango wa mfuko wa hifadhi ya jamii utoke upande wa pili ukiwa umeisahau ndoa?

Nazungumzia Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo inayotawala. Zanzibar ina utaratibu wake. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa walizipata wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Kinamtaka hakimu aangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishayapima hayo, sheria inamtaka aelekee kwenye mgawanyo ulio sawa. Kisome kifungu hicho mara mbili, na mara ya tatu ukipenda. Hakitaji pensheni, ni kweli. Lakini hakitaji nyumba wala gari pia. Kinataja mali na kinataja juhudi. Anayesema sheria imeiacha pensheni nje aonyeshe ilikoandikwa hivyo.

Na juhudi hizo ni zipi? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika: wapo walioona kwamba kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, na wajibu haulipwi. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi alizitumia vibaya. Lakini kanuni ilibaki, na kwa zaidi ya miaka 40 imewatoa mahakamani wanawake wengi wakiwa na chumba, banda au eka mbili ambazo bila kanuni hiyo wasingezipata.

Sasa tuiweke kanuni hiyo karibu na hati ya mshahara. Mwanachama wa PSSSF anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Kwa sekta binafsi, mchango wa NSSF nao ni asilimia 20, na kwa kawaida pande mbili hugawana nusu kwa nusu. Ile sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haitoki hewani. Inatoka kwenye mfuko uleule unaonunua unga, sare za shule, mafuta ya taa na dawa. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 anakatwa 50,000 kila mwezi kabla hajaigusa. Nyumba yake inaishi bila hiyo 50,000 kwa miaka 20 au 30. Nani aliyeifanya familia iishi kwa kilichobaki? Nani aliyepunguza sukari, aliyetengeneza bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, aliyeuza maandazi asubuhi ili mtoto apate nauli? Kila akatwapo mmoja, wawili wanajinyima. Siku ya kulipwa iweje mmoja ndiye awe amejinyima peke yake?

Hapo nimezungumzia pesa tu. Kuna jambo zito zaidi, nalo ni uhamisho.

Mtumishi wa umma huhamishwa. Askari leo yuko Masasi, baada ya miaka mitatu yuko Tarime, kisha Mpanda. Bwana shamba, mganga wa zahanati, afisa wa magereza, hakimu, wote huijua barua ile. Barua inaandikwa kwa jina la mtumishi, lakini inamhamisha na mwenzake. Mke aliyekuwa na genge lililoanza kushika wateja analiacha. Aliyekuwa ameanza kufahamika kama fundi cherehani anaanza upya mahali ambako hakuna anayemjua. Aliyekuwa katika kikundi cha kuweka na kukopa anachukua hisa zake na kuondoka kabla mzunguko wake haujafika. Shamba alilolima linavunwa na jirani. Kila kituo kipya kinamwongezea mume miezi ya utumishi ndani ya mfuko na kinamrudisha mke mwanzo. Baada ya vituo sita, mmoja ana miezi 360 iliyoandikwa kwa jina lake, na mwenzake hana kitu chochote kilichoandikwa mahali popote. Miezi ile 360 ilimhitaji yeye. Angekataa kuhama, mume angechagua kati ya kazi na nyumba. Hakukataa. Na kwa kutokataa huko, wanamwambia leo kwamba hana mchango.

Ndiyo maana nasema neno "jasho lake" halitoshi kuwa hoja. Ni kweli ametoka jasho, na hakuna anayemnyima heshima hiyo. Aliyemfulia shati lenye jasho hilo, akamuuguza malaria zake, akabaki na watoto alipokwenda kozi ya miezi tisa, naye alikuwa kazini, ila kazi yake haikuwa na daftari la mahudhurio. Waswahili wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mume akifukuzwa kazi kwa upotevu wa fedha za ofisi, mke atakula janga hilo pamoja naye, na hakuna kikao kitakachomwambia, "Hilo ni janga lake mwenyewe, wewe kaa pembeni."

Ubaya wa msimamo huu unaonekana zaidi ukiangalia kalenda. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60. Chukua wanandoa waliooana mume akiwa na miaka 28. Mume akistaafu, akalipwa mkupuo, akajenga nyumba ya kupangisha, kisha mwaka unaofuata wakaachana, nyumba ile itaingia kwenye mgawanyo. Ni mali iliyopatikana ndani ya ndoa, na mahakama itaigawa bila kigugumizi. Sasa rudisha talaka nyuma miaka miwili, mume akiwa na miaka 59. Miaka ya ndoa ni ileile kasoro kidogo, makato ni yaleyale, mke ni yuleyule. Lakini kwa fikra zinazotawala, hakuna cha kugawa, kwa sababu fedha bado ziko mfukoni PSSSF. Mtu aliyekaa ndani ya ndoa miaka 31 anatoka mikono mitupu, na tofauti kati yake na yule wa kwanza ni tarehe tu. Fikra hiyo inamwambia kila mume mwenye nia mbaya: ukitaka kumwacha mkeo, mwache kabla hujastaafu. Haki ya mtu haiwezi kutegemea ni nani aliyewahi kuitazama kalenda.

Na bado kuna hili. Mume huyohuyo angefariki akiwa na miaka 59, ndoa ikiwapo, mfuko ungemtambua mjane wake. Sheria za hifadhi ya jamii zina mafao ya urithi kwa wategemezi, na mwenzi wa ndoa yumo miongoni mwao. Hakuna anayesimama msibani kusema kwamba mjane anakula jasho la marehemu. Sote tunaona ni haki, kwa kuwa aliishi naye, alimtunza, alimtegemea. Basi tunakubali tayari kwamba mwenzi ana nafasi ndani ya pensheni. Tunachokataa ni kumpa nafasi hiyo mwenye pensheni akiwa hai. Mke wa ndoa ya miaka 31 ana haki mumewe akifa Jumatatu, na hana haki akiachwa Jumatatu hiyohiyo. Wanaotetea hali hii watueleze kazi aliyoifanya mjane ambayo mtalaka hakuifanya.

Watasema: lakini pensheni ambayo haijalipwa si mali. Ni matarajio. Mtu anaweza kufukuzwa kazi, mfuko unaweza kubadilishiwa kanuni, mwanachama anaweza kufa kesho. Utagawaje kitu kisichokuwapo?

Mume na mke wa Newala wamepanda mikorosho 200. Wameachana kabla mikorosho haijazaa. Je, hakimu atasema kwamba shamba hilo ni matarajio kwa kuwa korosho hazijaanguka, kwa hiyo mume alichukue lote? Hakuna mkulima atakayekubali. Mti uliopandwa na kupaliliwa una thamani hata kabla ya mavuno, na kila mwaka wa palizi unaiongeza. Mafao nayo hupandwa mwezi kwa mwezi. Mfuko unajua hadi shilingi ya mwisho kilichoingia kwa jina la kila mwanachama, na kanuni ya kukokotoa imeandikwa. Kutojua jumla ya mwisho si sababu ya kusema jumla ya sasa ni sifuri.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili, tena si za mbali zote. Afrika Kusini ilirekebisha Sheria yake ya Talaka mwaka 1989 na kuitamka haki ya pensheni kuwa sehemu ya mali za mwanachama wakati wa talaka. Namna walivyokwepa ugumu wa kukadiria ni rahisi: wanahesabu kile ambacho mwanachama angelipwa kama angejiuzulu siku ya talaka. Mwanzoni mtalaka alilazimika kungoja mpaka mwenzake aondoke kazini, naye akingoja fedha zake zilikuwa hazikui. Mwaka 2007 wakabadilisha, mifuko ikaanza kumlipa fungu lake mara baada ya talaka au kulihamishia kwenye mfuko anaoutaka, na baadaye utaratibu huo ukafikishwa kwa watumishi wa serikali pia. Ujerumani ilianza kuligawa fungu la pensheni la miaka ya ndoa tangu 1977. Uingereza iliruhusu mahakama kuigawa pensheni yenyewe kuanzia Desemba 2000. Mifuko ya nchi hizo haikuanguka, na wastaafu wao hawakuacha kulipwa.

Kizuizi cha pili ni cha kisheria, na wanasheria hukipenda: mafao hayawezi kukamatwa wala kuhamishiwa mtu mwingine. Ni kweli kwamba sheria za mifuko huyakinga mafao ya mwanachama. Lakini kinga hiyo iliwekwa dhidi ya nani? Iliwekwa dhidi ya wadai. Mwenye duka, benki, mkopeshaji wa riba, wasije wakakimbia na fedha za uzeeni za mtu na kuiacha familia yake na njaa. Ni ngao ya familia. Kuigeuza ngao hiyo ili impige mtu wa familia ni kuisoma sheria kwa kuipindua. Mwenzi wa ndoa haji kudai deni. Anakuja kuchukua alichokichuma. Marekani ilipita hapohapo. Sheria yao ya pensheni ya mwaka 1974 ilikataza mafao ya mfanyakazi yasihamishiwe mtu mwingine, na watalaka wengi wakajikuta ukutani. Mwaka 1984 Bunge lao likafungua mlango mmoja katika ukuta huo: mahakama ikitoa amri ya mgawanyo kwa mwenzi, mpango wa pensheni unaitii. Kwa wadai wengine ukuta uliachwa kama ulivyokuwa.

Wapo wanaoogopa kwamba mstaafu atabaki maskini. Kikokotoo kimekwisha kumla, wanasema, na sasa mnataka mtalaka naye amle. Hofu hii naiheshimu kuliko nyingine zote, kwa hiyo tuihesabu kwa tarakimu.

Chukua mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa mwisho unaotumika kukokotoa ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kikokotoo cha sasa, unazidisha miezi 360 kwa mshahara wa mwaka, unagawa kwa 580. Inakuja kama shilingi 7,448,000 kwa mwaka. Asilimia 40 ya hiyo, ikizidishwa kwa 12.5, ndiyo mkupuo: kama shilingi 37,240,000. Inayobaki inampa pensheni ya kama 372,000 kila mwezi. Sasa tuseme katika miaka yake 30 ya kazi, ndoa ilidumu miaka 20. Miaka 10 aliyofanya kazi nje ya ndoa haimhusu mtalaka hata kidogo. Kinachoingia mezani ni theluthi mbili, na ikigawanywa sawasawa, mtalaka anapata theluthi moja ya yote: mkupuo wa kama 12,400,000 na 124,000 kila mwezi. Mstaafu anabaki na kama 24,800,000 na 248,000 kila mwezi. Hajafukarishwa. Bado ana mara mbili ya mwenzake. Na huyo mwenzake, ambaye leo angepata sifuri, anakuwa na kitu cha kumfikisha mwisho wa mwezi bila kumpigia mtoto simu ya kuomba.

Na hata theluthi hiyo si ya lazima. Maneno "nusu kwa nusu" yamewatisha watu bila sababu, maana kifungu cha 114 kinamtaka hakimu apime mchango kwanza. Majirani zetu wa Kenya wanayo Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013, ambayo inautaja mchango usio wa fedha kwa upana: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia, kazi ya shamba. Januari 2023 Mahakama yao ya Juu ilisema wazi kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi kila mali ikatwe katikati. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Kanuni hiyohiyo inaweza kutumika kwenye pensheni. Aliyeoa juzi na kuachana jana hatachukua kitu cha maana.

Wale wanaoamini kwamba naandika kuwatetea wanawake dhidi ya wanaume wafikirie hili. Wauguzi na walimu wa shule za msingi wengi ni wanawake, na wana pensheni zao. Mwalimu wa kike aliyeolewa na mwanamume asiye na ajira rasmi naye atakabiliwa na kanuni hii. Sioni aibu kulisema. Kama mume huyo alilima, alijenga, alibaki na watoto mke alipokwenda kujiendeleza chuoni, anastahili fungu lake, na mke hatakuwa ameonewa. Kama alikuwa mlevi aliyekula mshahara wa mkewe na kumpiga, hakimu ana mizani ya mchango mkononi, aitumie. Haki inayowalinda wanawake tu pale inapowafaa haitadumu. Naitaka ile itakayosimama hata anayeipoteza akiwa dada yangu.

Kuna hoja ya dini, na haifai kupuuzwa. Ndugu wa Kiislamu huniambia kwamba mali ya mume ni ya mume na ya mke ni ya mke, ndoa haizichanganyi, na mwanamke akiachwa hupewa kitoka nyumba na matunzo ya eda. Nami nakubali kwamba ndoa haizichanganyi mali. Sheria ya Ndoa yenyewe inakubali, kwani inamwachia kila mwanandoa umiliki wa kilicho chake. Lakini tunachokigawa hapa hakikuwa cha mume kikamfikia mke kwa sababu ya ndoa. Kilikuwa cha wote wawili tangu kilipochumwa, kwa kuwa wote wawili walikifanyia kazi. Kitoka nyumba ni zawadi ya heshima kutoka mkononi mwa mume. Ujira wa kazi ni jambo jingine, na sijapata kumsikia mwanachuoni aliyehalalisha kumnyima mtu ujira wake. Wahusika wa shauri la 1983 walikuwa Waislamu, na kanuni ya kazi za nyumbani iliwekwa katika shauri lao hilohilo.

Kuhusu wale wanaosema "atatunzwa na watoto", nitasema machache. Watoto wenyewe wanatafuta ajira. Na mama aliyeitumikia nyumba miaka 30 hapaswi kugeuzwa mzigo wa mtoto ili baba yake abaki na fedha yote.

Yanayotakiwa kufanyika si mengi. Bunge liongeze maneno machache kwenye kifungu cha 114, litamke kwamba mafao ya hifadhi ya jamii yaliyochumwa wakati wa ndoa ni mali ya ndoa, ili kila hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alijue bila kusubiri rufaa ya miaka sita. Sheria za PSSSF na NSSF ziuruhusu mfuko kuitii amri ya mahakama na kumlipa mtalaka moja kwa moja, maana amri inayomtegemea mume aliyekasirika atoe fedha mwenyewe kila mwezi ni karatasi tu. Baraza la usuluhishi la kata na mahakama waitake taarifa ya michango ya kila upande mwanzoni mwa shauri, kama wanavyoitaka hati ya nyumba. Na pale wanandoa wanapopenda, mmoja aruhusiwe kubaki na pensheni yake nzima na mwenzake achukue fungu kubwa zaidi la nyumba. Hilo linawezekana hata leo, hakimu akiwa tayari kuihesabu pensheni.

Kwa vyama vya wafanyakazi nina ombi la moja kwa moja. TUCTA na Chama cha Walimu mliisimamia hoja ya kikokotoo mkiwa na haki: mlisema pensheni ni ujira. Msiiache hoja hiyo ikaishia kwenye geti la mwajiri. Ipelekeni bungeni pamoja na hili la talaka, mkiwa na wanachama wenu wanawake kwa wanaume, kabla Sheria ya Ndoa haijafikisha mwaka mwingine bila kuitaja pensheni. Na wewe msomaji ambaye uko kwenye shauri la talaka sasa, au una dada aliye kwenye shauri hilo, usikubali kutoka mahakamani kabla hujamwomba hakimu aandike kwenye kumbukumbu kwamba umeuliza kuhusu mafao. Akikataa, kukataa kwake kutaandikwa, na kilichoandikwa kinakatiwa rufaa.